Sisi Tuliommalizia Baba Sentensi

Baba yangu alifundisha Kiingereza kwa kuacha sentensi katikati. Alisimama mbele ya darasa, chaki mkononi, akasema, "I want to go…" kisha akainua nyusi na kunyamaza. Watoto sitini wakamalizia kwa sauti moja, "to school!" Naye akaitikia, "Very good." Yeyote aliyesoma shule ya msingi Kenya anaijua mbinu hiyo, ila baba aliishika kama dini. Alitueleza kwamba kitenzi cha Kiingereza chenye "to" mbele yake ni mtu aliyetoka nyumbani asubuhi: lazima useme anakwenda wapi, kwa nani, au anafuata nini. Ukisema "to wait" ukakomea hapo, alikuuliza kama utangoja mpaka uote mizizi. Ukimalizia "for the rain to stop", ulipigiwa makofi na darasa zima.

Alikuwa na madaftari ambayo hakuyatumia darasani. Aliyatia mfukoni mwa koti akienda sokoni, kanisani na matangani, akaandika Kiingereza kama alivyokisikia kwa watu. Vitabu vya shule vilikuwa na maneno yao ya kuhudhuria mazishi. Watu wa kwetu walisema "to go for a burial", kana kwamba kuna kitu wanakwenda kukichukua, naye akaandika hivyo hivyo. Makanga alisema "to alight at Ekerenyo", mchungaji akasema "to pray over the food", na yote yaliingia daftarini, jina la mahali likiandikwa pembeni. Nilipokuwa mdogo niliona ni kazi ya mtu asiye na kazi. Siku hizi nayasoma madaftari hayo kwa uchungu, maana aliyeyaandika alikuwa mtu anayesikiliza mpaka mwisho.

Miaka yake ya kwanza ya ualimu aliitumia Nyacheki, upande wa pili wa Kisii, kabla hajaoa. Baada ya hapo alihamishiwa shule ya karibu na kwetu Ekerenyo na hakuondoka tena mpaka alipostaafu. Kwa hiyo kila mtu wa kilima chetu mwenye umri wa kati alipita mikononi mwake: waendesha boda boda, wazee wa kanisa, wachuuzi, wauguzi. Hakuwa na mahali pa kwenda asikutane na mwanafunzi wake. Tulihesabu hiyo kuwa baraka.

Mimi nilirudi nyumbani baada ya ofisi niliyofanyia kazi Nakuru kufungwa. Nikafungua kibanda cha kompyuta na fotokopi sokoni Ekerenyo. Kazi kubwa ilikuwa programu za mazishi, kwa sababu kwetu mtu hazikwi bila karatasi yenye picha ya rangi na maisha yake kwa Kiingereza. Baba alikuja na kigoda chake kila asubuhi, akaketi mlangoni na kunisahihishia. Wapita njia walimsalimia, naye akawajibu kwa mtindo wake wa darasani.

"Mwalimu, habari ya asubuhi?"

"I am here to wait…"

"For your daughter!" watu watatu wakaitikia kwa pamoja, mmoja akiwa na kuku kwapani.

"Very good."

Wakacheka, nami nikacheka. Nataka hilo lijulikane mapema, kwamba nilicheka kama wengine, na kwamba nilijivunia kuwa na baba ambaye soko zima lilikuwa darasa lake.

Mabadiliko yalikuja polepole hivi kwamba hayakuonekana kama mabadiliko. Zamani aliacha wazi sentensi moja katika kumi. Sasa aliacha zote, hata za Kigusii, lugha tunayoongea nyumbani. "Mama yako amekwenda…" alisema, na mimi nikajibu, "Shambani." "Nipe kile cha…" "Cha kuandikia, hiki hapa." Mama alimmalizia haraka kuliko sote. Alikuwa mkewe kwa miaka mingi na alijua anachotaka kabla hajafungua mdomo, au ndivyo tulivyodhani.

Siku moja nilimkuta kwenye majani chai yetu, kikapu mgongoni, mikono ikining'inia. Wachumaji wenzake walikuwa wameshafika mwisho wa mstari.

"Tata," nikamwita, kama tumwitavyo baba kwa Kigusii, "unafanya nini hapa peke yako?"

"I came to…"

"To pluck the tea," nikasema.

Papo hapo mikono yake ikaanza kuchuma. Ilichuma vizuri, majani mawili na chipukizi, kama iliyokuwa ikingoja ruhusa. Nikajiambia amechoka tu, nikaenda zangu.

Aliyesema la kweli alikuwa mama mmoja muuza omena. Ni mtu wa upande wa ziwani, anaishi Kisii mjini, na siku za soko huja Ekerenyo akatandika gunia lake kando ya kibanda changu. Hajui Kigusii, kwa hiyo tunaongea Kiswahili. Adhuhuri moja aliacha wateja wake akanijia mlangoni.

"Dada, naweza kukuambia kitu na usinikasirikie?"

"Sema tu, mama."

"Huyu mzee wenu hamalizi maneno."

"Huo ni mtindo wake. Alikuwa mwalimu."

"Nimesikia ni mwalimu. Lakini mimi hakunifundisha, sijui ile kitu nyinyi huwa mnamwitikia. Asubuhi amekuja kwangu akasema amekuja ku… Nikangoja. Wateja wawili wakakuja wakaenda, mimi bado nangoja. Hakuna kitu ilitoka. Akachota omena na mkono, akatia kwa mfuko ya koti, mdomo ikaanza kutetemeka."

Damu ilinipanda. Nilimwambia aangalie samaki wake, kwamba baba yangu amefundisha watu mpaka wakawa madaktari, na kwamba si kila mzee anayenyamaza ni mgonjwa. Alinitazama bila hasira, akasema, "Haya, pole," akarudi kwenye gunia lake kufukuza nzi. Nilimchukia kwa siku mbili. Siku ya tatu mama alifua koti, na mfukoni akakuta kiganja kizima cha omena kimeshikamana na karatasi za daftari.

Ndipo nikamjaribu. Najuta namna nilivyofanya, lakini sikuona njia nyingine. Ilikuwa Sabato alasiri, tumetoka kanisani, yeye yuko kwenye kiti chake nje.

"Go and tell your mother," akaniambia, "to bring the tea to…"

Nikanyamaza. Akainua nyusi kama kawaida. Kuku akapita kati yetu akidonoa. Nyusi zake zilibaki juu, lakini chini yake macho yakaanza kukimbia huku na huku, kutoka usoni pangu hadi mlangoni, hadi kwenye migomba, na kurudi kwangu. Niliona hofu ya mtu aliyeteremsha mguu kutafuta ngazi asiikute. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Mimi mwanawe nilikaa pale nikamtazama, na nusu yangu ilikuwa bado inasubiri acheke aseme amenitania.

Mama, aliyekwisha kuyazoea maneno hayo ya kila alasiri, akasikia ukimya ule kutoka jikoni. "Hapo hapo nje, naleta!" akaita kwa Kigusii.

"Very good," baba akasema, akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono.

Jikoni nilimwambia mama kwamba baba ni mgonjwa. Hakuuliza ugonjwa gani. Aliendelea kumimina chai mpaka kikombe kikafurika, kisha akasema anajua, na amejua tangu msimu wa mahindi uliopita. Kwa nini hakusema? Aliniuliza ningependa amwambie nani. Kwetu kuna chinsoni, ile haya inayokaa kati ya mzazi na mtoto na kumzuia kila mmoja kumvua mwenzake nguo. Kumwambia mwalimu kwamba hawezi tena kumaliza sentensi, hiyo ingekuwa kumvua hadharani. Tena juma lililofuata alikuwa ameombwa kuongoza mazishi ya mzee jirani.

"Tumalize mazishi kwanza," mama akasema. "Baadaye tutampeleka hospitali Kisii."

Nilikubali upesi mno. Nilikuwa naogopa, na nilifurahi kupata mtu wa kuogopa naye.

Mazishini watu walijaa hadi kwenye migomba ya jirani. Waadventista walikaa upande mmoja na Wakatoliki upande wa pili, kwa sababu marehemu alikuwa na ndugu kotekote, na vijana wa boda boda walisimama nyuma. Baba alishika kipaza sauti vizuri, suti imepigwa pasi, nami nikasimama karibu naye na karatasi niliyoichapa mwenyewe.

"We have come to say goodbye to…" akasema.

Umati ukataja jina la mzee.

"He was happy to live among…"

"Us!"

Ilikwenda hivyo tangu mwanzo. Umati ule uliitoa hotuba yote, yeye akishika kipaza sauti tu, na kila mtu alifurahi, hata mjane akatabasamu chini ya leso yake. Nilianza kupumua. Kisha baba akasema, "And now he has gone to…"

"To sleep!" wakaitikia Waadventista, kwa sababu katika imani yetu maiti hulala hadi siku ya ufufuo.

"To heaven!" wakasema Wakatoliki.

"To rest!" wakapiga kelele vijana.

Baba aligeuza kichwa upande huu, kisha upande ule. "Which one?" akauliza kwenye kipaza sauti. Ipi kati ya hizo?

Watu waliangua kicheko. Walisimulia kwa wiki nzima jinsi Mwalimu alivyowachekesha Waadventista na Wakatoliki kaburini. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwake, nikaona kwamba alitaka jibu. Tulipofika nyumbani alimuuliza mama kama yule mzee amelala au amefika mbinguni, na kama amelala, ni nani atakayempelekea chakula akiamka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Majibu yetu yalikuwa yanamwingia. Tulidhani tunamsaidia kusema anachotaka, kumbe alikuwa anangoja tumwambie ni nini anachotaka, kisha akakitaka. Kama ulimwambia amekuja kuchuma, alichuma. Kama ulimwambia anamngojea binti yake, alimngojea. Nilimweleza mama, tukaamua: Jumanne hospitali, bila kuahirisha.

Haya yalitokea Jumatatu.

Mama alikuwa amekwenda kuuza ndizi soko la Daraja Mbili, Kisii mjini. Kibandani nilikuwa na familia tatu kwenye benchi, zote zinataka programu zao kabla ya saa sita, na printa ilikuwa imemeza karatasi. Baba alikuwa mlangoni. Aliniuliza mama yuko wapi, nikamjibu. Akaniuliza tena.

"I want to go…"

"Keti, Tata."

"I want to go…"

"Tata, tafadhali."

Sijui ilikuwa mara ya tano au ya sita. Vidole vyangu vilikuwa ndani ya mashine, wino umenipaka hadi kwenye kiwiko, na mwanamume mmoja kwenye benchi alikuwa anakohoa ili nijue amechoka kungoja. Nilijua nilichokijua. Sina kisingizio cha kutojua. Nilisema bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayefukuza mbuzi, "To Daraja Mbili! To Mama! Umesikia sasa? To Daraja Mbili!"

"Very good," akasema.

Karatasi ikatoka. Nilipogeuka kigoda kilikuwa kitupu, nikashukuru. Ndiyo, nilishukuru, nikidhani ameenda kuketi na vijana wa boda boda. Sikutoka nje kutazama mpaka nakala ya mwisho ilipotoka.

Saa saba wingu lilianza kujengeka upande wa vilima vya Manga. Kwetu mvua ya mchana huja kila siku na hakuna anayeishangaa, lakini lile lilikuwa jeusi lenye kijani ndani yake, na watu walianza kufunika nyanya zao bila kuambiana. Saa nane mama akashuka sokoni na vikapu vitupu. Aliogopa mvua ya mawe, akauza kwa haraka na kuondoka mapema.

"Baba yako yuko wapi?" akauliza.

Nilikimbia kwa vijana wa boda boda. Mmoja wao, aliyekaa dawati la mbele kwa baba miaka hiyo, alisimama kwa heshima.

"Mwalimu? Si alienda Kisii asubuhi. Alikuja hapa akasema 'to Daraja Mbili, to Mama.' Nikampeleka stage, nikamweka mbele na dereva, nikaambia makanga amshukishe poa. Si nyinyi ndio mlimtuma?"

"Ni mimi niliyemtuma," nikasema.

Simu yake ilikuwa kabatini nyumbani, alikuwa ameshaacha kuitumia. Nilimwacha mama na kibanda, nikapanda gari la kwanza.

Daraja Mbili mawe ya mvua yalikuwa yameshaanguka. Yalilala kwa mafungu kati ya sukuma wiki zilizotobolewa, na watu walikuwa wanakamua maji kutoka kwenye mitumba. Nilianzia pale mama anapoketi. Jirani yake wa soko ni mwanamke wa kilima chetu.

"Alikuja," akaniambia akicheka. "Alisema 'I am looking…', nikamwambia 'for your wife!' Lakini mama alikuwa ametoka sasa hivi. Kisha akasema 'I have to run…', nikamwambia 'from the rain!' Akakimbia kabisa, mzee wa watu, kuelekea kule kwa nguo."

Kwa nguo nilimkuta kijana ambaye naye alikuwa wa shule yetu. Baba alifika kwake amelowa. Alisema anahitaji kuingia, akaishia hapo, na kijana akamalizia, "Into a coat!" Akamvisha koti refu jeusi la mtumba, kubwa kuliko mwili wake, likimfika vifundoni. "Hiyo nimempa zawadi," kijana akasema. "Alinifundisha kusoma, huyo."

Kutoka kwa nguo alipelekwa stage na mtu mwingine aliyemwambia "to wait for the bus". Hapo stage mpiga debe mmoja, naye mwanafunzi wake wa zamani, alikumbuka vizuri. Kila mwanafunzi wa baba alijua hadithi za Nyacheki, shule yake ya kwanza, bweni la walimu lililovuja na baridi ya asubuhi kwenye majani chai.

"Alisema 'I want to go back…', na mimi nikajua. Nikamwambia, 'To Nyacheki, Mwalimu!' Akafurahi sana. Akanishika mkono akasema 'Very good.' Nikamtafutia kiti cha dirisha."

Sikuweza kumkasirikia hata mmoja wao. Kila mmoja alimpa baba kitu, kiti, koti, njia, kwa upendo mtupu, na kila mmoja alimsukuma mbele kidogo zaidi kutoka kwangu. Nikiwa kwenye gari la Nyacheki nilijihesabia hatari moja moja. Nilihesabu mito, nikahesabu baridi. Sikuhesabu watu.

Nilifika jua linazama. Niliuliza barabarani, na mtu wa kwanza niliyemuuliza hakunijibu, aliniangalia tu akaingia nyumbani kwake. Wa pili alinionyesha kwa kidevu kituo cha kuuzia majani chai mbele kidogo. Mlangoni mwa kituo alisimama mwanamke aliyevaa koti la wapimaji wa majani, mikono yake ikiwa na damu iliyokauka.

"Wewe ni nani wake?" akaniuliza kwa Kigusii.

"Ni baba yangu."

"Yuko hai," akasema kwanza, na kwa hilo namwombea heri kila siku. Kisha akanisimulia, na mimi nikasikiliza nikiwa nimepiga magoti kando ya magunia alipolazwa baba.

Wakulima walikuwa wamejipanga na majani yao wakisubiri lori. Wiki hizo kulikuwa na mtu anayeiba majani kwenye mashamba, na watu walikuwa wamechoka. Mzee asiyejulikana na yeyote akatokea na koti refu, koti ambalo mtu angeweza kuficha chochote ndani yake. Akaanza kupitisha mkono kwenye magunia ya watu, akiyapapasa majani kama afanyavyo mkulima yeyote. Wakamuuliza yeye ni mtoto wa nani na amekuja kufanya nini. Akasimama wima, akawajibu kwa Kiingereza.

"I have come to…"

Hakuna aliyeitikia. Wanafunzi wake wa Nyacheki walikuwa wamezeeka au wamehama, na wale pale hawakujua kwamba ni zamu yao. Walimuuliza tena. Akasema tena vile vile, nyusi juu, akiwatazama mmoja mmoja kama anayewahurumia, ndivyo alivyoniambia mwanamke yule. Umati ukaanza kunung'unika kwamba mtu asiye na hatia husema alikotoka. Ndipo kijana mmoja, aliyesoma shule kama zetu na kuitikia walimu kama sisi, akapaza sauti ya darasani kwa mzaha, "To steal!" Kuiba.

Watu wakacheka. Baba akamgeukia kijana yule uso ukiwa umejaa nuru.

"Very good," akasema. "I have come to steal."

Wangeweza kumuua. Mwanamke wa mizani alijitupa juu yake akapiga kelele kwamba huyu ni mzee, wamtazame mikono, ni mikono ya chaki. Yeye pia alipigwa mara mbili kabla hawajaacha. Mkono wa baba ulikuwa umevunjika, na mbavu, na jicho moja halikufunguka kwa siku nyingi.

Tukampeleka hospitali mjini Kisii kwa gari la mkulima mmoja ambaye, nadhani, alikuwa miongoni mwa waliompiga. Hakuniambia, na mimi sikumuuliza. Mama alifika asubuhi na uji. Alikaa kitandani miguuni pa baba, akimsugua kisigino kwa kidole gumba.

Siku ya tatu baba aliamka vizuri. Muuguzi wa zamu aliingia na faili, akasoma jina, akasimama kama aliyepigwa.

"Mwalimu! Ni mimi, nilikaa nyuma karibu na dirisha, ulinifundisha darasa la sita!"

Baba akamtazama kwa jicho moja. Akajiinua kidogo kwenye mto.

"I have come to…" akasema.

Muuguzi akavuta pumzi, tabasamu likamjia, mdomo ukafunguka. Nilimziba mdomo kwa kiganja. Sikujali ni nani, nilimziba kwa nguvu mpaka faili likaanguka. Wadi nzima ikageuka kututazama. Mama akaacha kusugua. Nilitaka kwa moyo wangu wote baba asikie ukimya, autafute mwenyewe mwisho wa maneno yake, hata kama ingechukua siku nzima, na safari hii hakuna yeyote atakayemwambia anachotaka.

Alitafuta. Mkono wake mzima ulizunguka juu ya shuka. Alitazama dari, akatazama dirisha, midomo ikijaribu na kuacha. Kisha uso wake ukatulia, na nikajua amelipata neno.

"To steal," akasema.

Akanitazama mimi, akamtazama muuguzi, nyusi juu, akingoja aambiwe kama ni sahihi. Muuguzi alianza kulia kwenye kiganja changu. Mama, ambaye Kiingereza chake huishia kwenye salamu, alinivuta sketi.

"Amesema nini?" akaniuliza. "Amesema amekuja kufanya nini?"

"Amesema amekuja kukuona wewe," nikamjibu.

Mama akamsogelea, akamrekebishia mto.